Maji ya mvua yaliingia kwenye control board ya inkubeta Mlandege, mayai yakiwa siku ya kumi na nane

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, Iringa, masika haya. Sitapamba. Pale nilipofanya uzembe nitasema ni uzembe, maana ndiyo sababu hasa ya kufungua uzi huu.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, kibanda changu kipo Soweto hapa Mbeya. Redio, TV, inverter, mambo ya solar. Miaka ya karibuni nimeingia pia kwenye kutengeneza inkubeta, zile mashine za kutotolesha vifaranga. Naunda boksi la plywood, naweka balbu za joto, feni, na control board inayosoma joto la ndani. Joto likishuka relay inawasha balbu, likipanda inazima.

Moja ya mashine za kwanza kabisa nilimtengenezea dada yangu, Sekela. Ameolewa Iringa, anaishi Mlandege na mume wake, shemeji Kihwele, pamoja na mama mkwe wake.

Boksi nililifunga vizuri. Ila control board niliiacha juu ya boksi, imeshikwa na skrubu nne tu, iko uchi, haina kifuniko. Nilimwambia dada nitarudi kuiwekea nyumba yake, boksi dogo la kuikinga.

Hiyo ahadi niliibeba karibu mwaka mzima. Akipiga simu namwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika nina kazi za wateja.

Sasa kuhusu mayai.

Marehemu mama yetu alikuwa na kuku wake kule Tukuyu, kuku wa kienyeji wenye kishungi, wakubwa, wanaolea vizuri. Alipofariki, Sekela alichukua jogoo mmoja na matetea sita akaenda nao Iringa. Ndiyo kitu pekee alichoomba katika vitu vya mama. Sisi wengine tuligawana vyombo na nguo, yeye akaondoka na tenga la kuku.

Wakaongezeka vizuri tu. Halafu mwaka huu kideri kikapita mtaani kwao. Ndani ya siku chache banda lote likawa tupu.

Lakini wiki moja kabla ya ugonjwa kuingia, dada alikuwa ameweka mayai tisini na sita kwenye ile inkubeta. Kwa hiyo mbegu ya kuku wa mama ilikuwa imebaki humo tu, ndani ya boksi la plywood nililolitengeneza mimi.

Alipima mayai kwa tochi akaona mishipa inacheza. Akanipigia simu analia na kucheka kwa wakati mmoja.

Mimi nilifika Iringa siku ya Ijumaa. Binti wa dada alikuwa anapata kipaimara Jumapili, na mjomba lazima uwepo. Nilikwenda na begi la nguo, multimeter na bisibisi mbili. Lile boksi la control board? Nilisahau tena. Nilikumbuka basi likiwa limeshapita Uyole.

Jumamosi asubuhi nyumba ilikuwa imejaa watu. Akina mama wapo nyuma na majiko, mchele unachambuliwa, binti anasukwa sebuleni. Shemeji na wenzake wawili walikuwa wanafunga turubai mbele ya nyumba, na kamba moja wakaifungia kwenye mbao za paa juu ya stoo.

Inkubeta ipo stoo.

Mvua ikaanza. Turubai likajaa maji, likawa zito, kamba ikavuta. Bati moja likanyanyuka kidogo tu, upana wa vidole viwili. Hakuna aliyeona.

Niliyesikia ni mimi, na nilichosikia ni relay. Ile sauti ya tik naijua. Kwa kawaida inapiga mara moja, inanyamaza dakika kadhaa, inapiga tena. Sasa ilikuwa tik tik tik tik bila kupumzika, kama mtu anagonga meno kwa baridi.

Nikaingia stoo. Maji yanadondoka kutoka kwenye bati moja kwa moja juu ya board. Display inaonyesha namba zisizo na maana, balbu zinawaka na kuzima.

Nikachomoa waya kwenye soketi.

Display haikuzima.

Hapa wakuu naomba muwe makini. Ile mashine ina betri ya akiba kwa ajili ya umeme ukikatika. Ukichomoa kwenye soketi, board bado inakula kwenye betri, na maji pamoja na umeme kwenye board ndiyo yanaua. Maji peke yake mara nyingi hayaui haraka. Kinachoua ni umeme kupita mahali usipotakiwa, na ule uchafu unaobaki maji yakikauka. Nilikata waya wa betri kwa meno, maana hata pliers sikuwa nayo.

Pakawa kimya.

Dada alikuwa ameshasimama mlangoni. Aliangalia juu kwenye bati, akaangalia board, akaniangalia mimi.

Aliyeanza kufanya jambo la maana ni mama mkwe wake. Ni mama wa Kihehe wa makamo ya juu, mtu wa maneno machache. Aliuliza jambo moja tu, mayai yanatakiwa joto kiasi gani. Nikamwambia, kama la mwili wa mtu aliyeanza homa kidogo. Akaenda nyuma kwenye majiko.

Akarudi na chupa za plastiki zilizojazwa maji ya moto, blanketi mbili na khanga kadhaa. Tukatoa mayai, tukayapanga kwenye katoni kubwa iliyotandikwa blanketi, chupa zikazungushwa pembeni zikiwa zimevishwa khanga zisiguse mayai. Tukaweka na ile thermometer ya kwenye inkubeta. Yeye akavuta kigoda akakaa pale.

Bahati tuliyokuwa nayo ni kwamba siku hiyo nyumba nzima ilikuwa na majiko yanayowaka. Ingekuwa siku ya kawaida, asubuhi ya baridi ya Iringa ile, sijui.

Mimi nikafungua board. Shemeji Kihwele akaja na wazo lake. Kwa sababu nyumbani kulikuwa na gunia la mchele wa Mbarali kwa ajili ya sherehe, akasema tuifukie humo, mchele unanyonya maji. Nikamwambia hapana. Mchele hauwezi kufika chini ya relay, na unaacha vumbi la wanga ambalo likikutana na unyevu linakuwa uji. Maji ya bati yenyewe tayari yana vumbi na kutu. Yakikauka pale juu yanaacha njia ya umeme kupita. Board inatakiwa kuoshwa kwanza, ndipo ikaushwe.

Najua mtu ukisema "osha board" watu wanakuona chizi. Alinitazama hivyo hivyo.

Nikaifunga kwenye kitambaa kikavu, nikakimbia nayo mtaa wa pili kwa fundi simu mmoja, dada anaitwa Rehema. Nilikuwa simjui, dada Sekela ndiye aliyenielekeza. Nilimkuta na simu ya mteja mezani, lakini nilipomweleza aliiweka pembeni.

Alinipa mswaki laini na chupa ya isopropyl, ile alkoholi safi ya kusafishia board za simu. Kwanza niliisuuza kwa maji ya betri, yale yasiyo na madini, niliyonunua duka la spea pale jirani. Angalieni sana kwenye maduka ya spea, maji ya betri na asidi ya betri vinakaa shelfu moja. Halafu nikapiga alkoholi mbele na nyuma, nikisugua taratibu kwenye miguu ya IC, zile chipu nyeusi, na kwenye soketi za waya. Uchafu uliotoka ulikuwa wa kahawia kama chai.

Nilitaka niikaushie palepale kwa blower yake ya hewa ya moto. Rehema akakataa. Alisema blower yake ni ya kung'olea IC, hata ukiweka joto la chini kabisa, ukisogea kidogo unayeyusha plastiki ya soketi. Akaniambia nitafute hewa ya uvuguvugu na niwe na subira, maana haraka yake imeshaua simu nyingi za watu kuliko maji.

Nikarudi nyumbani. Hewa ya uvuguvugu naitoa wapi, mvua inanyesha, jua hakuna?

Sebuleni. Msusi wa binti alikuwa na draya.

Basi wakuu, hebu vuteni hiyo picha. Binti wa kipaimara amekaa na nywele nusu, msusi ameshika kitana, na mjomba mtu amechukua draya anakausha board ya inkubeta mezani. Joto la chini, umbali wa mkono mmoja, nageuza kila baada ya muda. Hawakunilalamikia. Nadhani nilikuwa na sura ya mtu asiyefaa kulalamikiwa.

Saa ya kwanza ikapita. Katoni inasoma thelathini na sita. Mama mkwe anabadilisha chupa, ikipoa moja anaita ije nyingine. Kila mara anachukua yai moja analigusisha kwenye kope la jicho lake, halafu ndiyo anaangalia thermometer. Kope na thermometer havikutofautiana hata mara moja.

Saa ya pili, majiko yakaanza kuhitajika kwa mapishi. Maji ya moto yakawa yanachelewa. Thermometer ikashuka thelathini na nne.

Shemeji akaja akaigusa board kwa kidole.

"Shemeji, hii imekauka. Iwashe tuokoe mayai."

Kwa macho ilikuwa imekauka kweli. Inang'aa kabisa. Nikamwambia tusubiri. Akatoka, akarudi na dada.

Dada akakaa mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Mdogo wangu, ni mayai ya mama hayo. Yanapoa."

Wakuu, nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kubanwa namna ile. Mkono wangu ulishashika waya wa betri. Ningeuunganisha ningekuwa nimetii watu wote mle ndani, na kama ingeungua wangesema angalau tulijaribu.

Nikaona kabla ya kuunganisha niinamishe board mara ya mwisho. Niliishika kwa pembeni, nikaisimamisha wima, nikapuliza kwa mdomo chini ya relay.

Tone la maji likatoka. Dogo, kama machozi ya mtoto, likateremka juu ya njia za umeme mkubwa, zile za balbu, likaishia kwenye ukingo wa board.

Sote watatu tuliliona. Shemeji akavuta kiti akakaa. Akachukua draya mkononi mwangu, akaendelea yeye.

Hapo ndipo nilipoona siwezi kukaa na lile jambo kifuani. Nikamwambia dada kosa si la turubai wala la bati. "Ni langu. Lile boksi nililokuahidi ningelileta, maji yangeishia juu ya kifuniko."

Aliniangalia kidogo.

"Najua," akasema. "Maliza kazi kwanza. Tutagombana Jumatatu."

Akaenda nyuma, akazungumza na akina mama. Sijui aliwaambia nini, ila jiko moja liliondolewa sufuria ya nyama, likawa la maji ya chupa tu. Thermometer ikaanza kupanda tena.

Tulikausha saa nyingine nzima na zaidi. Kila baada ya muda naisimamisha, napuliza chini ya relay, chini ya display, chini ya soketi. Mpaka nilipopuliza mara tatu mfululizo bila kitu.

Kwanza nikapima kwa multimeter kama kuna shoti. Hakuna. Nikaunganisha betri peke yake, bila umeme mkubwa, bila balbu. Display ikawaka. Ikasoma joto la chumba, kumi na tisa, sawasawa kabisa.

Lakini relay haikupiga.

Namba zipo, joto lipo chini, ilitakiwa iwashe, haiwashi. Nikapima nikakuta transista ndogo inayoisukuma relay imekufa. Ile tik tik ya asubuhi iliiua.

Nilimpigia Rehema. Sikumwomba aje, nilimuuliza tu kama anayo. Akasema subiri nitafute kwenye board mbovu. Baada ya muda kidogo akaingia mwenyewe, amelowa mabega, ana soldering iron kwenye mfuko wa plastiki na transista imefungwa kwenye kipande cha karatasi. Alikuwa amefunga duka lake.

Aliibadilisha akiwa amepiga magoti kwenye mkeka. Akasafisha pale alipochomelea. Akaniachia mimi niwashe.

Tik. Moja tu.

Tukaiweka tena kwenye inkubeta, tukahamisha mashine kwenda chumba cha dada mwenyewe, mbali na ukuta wa stoo. Board hatukuiacha uchi tena. Dada alitoa kontena la plastiki la kuhifadhia chakula, tukaligeuza mfuniko ukawa chini, tukatoboa matundu upande wa chini tu, waya zote zikaingilia chini. Na kila waya tukauacha uning'inie kidogo kabla ya kuingia, ili maji yakifuata waya yadondokee pale kwenye mkunjo.

Mayai yakarudi ndani. Mama mkwe aliyapanga yeye, moja moja. Alipomaliza alinyoosha mgongo, akasema kwa Kihehe maneno ambayo sikuyaelewa, dada akatafsiri kwamba anaomba chai.

Kipaimara kilikwenda vizuri Jumapili. Binti alipendeza, nywele zilimalizika. Rehema alikuja kula.

Jumatatu dada alinisindikiza stendi na hatukugombana. Aliniambia tu safari ijayo nisibebe zawadi yoyote, nibebe boksi.

Siku ya ishirini na moja nilikuwa kibandani Soweto, nikashindwa kushika kazi yoyote. Simu haikuita. Siku ya ishirini na mbili asubuhi ikaita. Nilipopokea sikusikia mtu, nilisikia vifaranga. Dada alikuwa ameweka simu juu ya boksi, ananisikilizisha tu.

Sitini na tatu walitoka. Mengine hayakutotoa, na siwezi kujua ni kwa sababu ya ile baridi au yalikuwa mabovu toka mwanzo. Kwa hali niliyoiona siku ile, ningeshukuru hata kwa kumi.

Nilikaa chini kwenye benchi la wateja nikapumua. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilipumua vizuri toka Jumamosi.

Wiki mbili baadaye nilirudi Mlandege na boksi halisi lenye mpira kwenye kifuniko, na nikapaka board conformal coating, ile dawa kama vanishi inayokauka ikawa ngozi juu ya board. Sikuipaka ile Jumamosi kwa makusudi. Ukipaka board yenye unyevu unaufungia ndani, unaozesha shaba taratibu. Osha, kausha kabisa, ndipo upake. Nilifunika kwa tepu soketi, vitufe, sensa na relay, nikapaka nyembamba mara mbili, nikaiacha ikauke siku nzima.

Na kwa wale wenzangu wa silicone ya madirisha, ile yenye harufu ya siki ina asidi, inakula shaba. Niliitumia zamani nikajiona mjanja. Msiitumie.

Lingine ni hili, na ndilo limenigharimu usingizi. Inkubeta ina mvuke muda wote. Hata bati lisingevuja, ile board ingeoza siku moja, kwa sababu niliiweka juu ya tundu la hewa. Mimi nilikuwa nawaza mvua tu.

Kwa hiyo nimeandika majina ya wote niliowahi kuwatengenezea, na nimeanza kuwazungukia mmoja mmoja bila wao kuniita. Leo nimetoka Makongolosi kwa mama mmoja anayefuga bata. Mashine yake inafanya kazi vizuri, hana malalamiko. Nimefungua nikakuta miguu ya soketi imeshakuwa ya kijani. Nimeiosha, nimeikausha, nimeipaka, nimeiwekea boksi. Aliniuliza mara mbili kwa nini nimekuja wakati hakuna kilichoharibika. Nimebaki na watu wanne.

Naandika nikiwa kwenye gari narudi mjini, mtandao unakuja na kupotea, nitajibu kadiri nitakavyoweza.

Mafundi waliomo humu, mnaotumia rangi ya kucha badala ya coating, inadumu kweli kwenye joto au inapasuka? Na mliofanya kazi maeneo ya mvuke mwingi mniambie mnaweka nini, nijifunze.

Wengine wote ambao si mafundi, kama una kifaa chochote chenye board kiko chini ya bati lenye wasiwasi, nenda kakisogeze sasa hivi. Halafu ndiyo urudi uandike hapa umekuta nini.